Usiniletee Ganda la Risasi

Mwanangu Gervasi,

Mambo ya sweta, ya chumvi na ya maji ya kunywa mama yako amekwisha kukuambia, na mimi sitayarudia. Nimemsikia tangu mchana akiyasema, anamaliza, anaanza upya kana kwamba bado unanyonya, na wewe unaitika "ndiyo mama" kila mara bila kukunja uso. Nimekushukuru kwa hilo. Gari la kuwachukua mgambo linapita kesho asubuhi na mapema, nami najijua. Tukiagana nyumbani nitakushika mkono, nitasema "haya, nenda salama," na maneno yataishia hapo. Ndiyo maana nimekaa na kalamu tangu jua lilipoanza kushuka, na mama yako akipita ananitazama bila kuniuliza kitu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kuandika nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo, na huko tulifundishwa Kiswahili. Kihangaza changu kimebaki mdomoni tu. Pengine ni afadhali, maana kwa Kihangaza ningekuwa nimeshaanza kulia.

Nimechoka, mwanangu, na uchovu wenyewe si wa jembe. Nilizaliwa wakati baba yangu amekwisha kuchukuliwa na vita ya Wajerumani, na sasa nazeeka huku natoa mtoto kwa vita nyingine. Katikati hapo vita sikuijua, isipokuwa kwa kazi ile ambayo watu huicheka wakikaa penye pombe ya ndizi, kwamba Mathayo alisafisha uwanja wa vita kwa ungo. Umeisikia ile nusu ya kuchekesha. Leo nataka uisikie yote, kwa kuwa huko unakokwenda ndiko maganda ya risasi yanakoangushwa.

Babu yako hakuwa askari. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma, Wabelgiji wakiwafuata, walipita hapa Murusagamba wakawakamata wanaume wa kubeba masanduku ya risasi. Yeye alikuwa mmoja wao. Asubuhi moja wakapigana kwenye kilima kile cha ng'ambo ya kijito, na wanawake waliojificha bondeni wakasikia milio mpaka jua likawa kali. Wapagazi wachache walirudi. Walisema wengine walitupa mizigo wakakimbia kuelekea kijitoni, wengine hawakuwaona tena. Babu yako hakuna aliyemwona akianguka, wala aliyemwona akiondoka. Bibi yako alikuwa na mimba yangu.

Wewe umekuta msiba ukifungwa. Ndugu wanakaa, pombe inapikwa, watu wananyoa, kesho yake wanarudi shambani. Wa babu yako haukufungwa. Ungefungwaje, na pengine mwenyewe yuko Bujumbura ana mke mwingine? Bibi yako aliishi na swali hilo mpaka nywele zikawa nyeupe. Waliotaka kumwoa aliwajibu kwa heshima kwamba ana mume. Nilikua nikimwona kila jioni anaacha kiti kimoja bila mtu karibu na mlango, na sikuwahi kuambiwa ni cha nani, ila nilijua nisikikalie.

Sasa, miaka michache kabla hatujahamishiwa vijijini, alikuja kijana mmoja kutoka chuo, jina lake Hamza, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye salamu ndefu. Alikuwa anatafuta viwanja vya vita vya zamani. Mwenyekiti akanipa kazi ya kumsaidia kwa kuwa kilima nakijua. Nilimkuta na jembe langu begani. Akalitazama, akasema, "Shikamoo mzee. Hilo jembe tuliache nyumbani. Sisi hatuchimbi."

Nikamwambia, "Marahaba. Sasa utaonaje kilicho ndani ya ardhi bila kuchimba?"

"Ardhi ikishachimbwa haisomeki tena, mzee. Tutaitazama tu, na tutaisikiliza."

Nilidhani ananitania. Lakini ndivyo tulivyofanya, wiki baada ya wiki. Tulitandaza kamba kilimani, tukawapanga watu katika mstari, kila mmoja umbali wa mikono miwili kutoka kwa mwenzake, tukatembea polepole macho chini. Anayeona ganda la risasi anasimama, anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, anaendelea. Haliokoti. Hamza anakuja nyuma na karatasi yake, anapima lilipo, analichora, analigeuza na kutazama kitako chake, analirudisha vilevile. Alikuwa pia na mashine yenye mpini mrefu na kitu cha duara chini, na vitu viwili vya kuziba masikioni. Ikipita juu ya chuma kilichofukiwa inalia. Alfajiri alitupandisha upande wa pili wa bonde kabla jua halijapanda, kwa sababu mwanga ukija kutoka ubavuni, hata handaki lililojaa udongo linatoa kivuli chembamba. Nimechunga mbuzi kilimani pale tangu utoto na sikuwahi kukiona kivuli hicho.

Siku moja aliniketisha penye vitambaa vyekundu akanionyesha. Hapa vimekaa vingi pamoja, hapa vingi, hapa vingi, katika mstari. Hapo watu walilala kifudifudi wakapiga kwa muda mrefu bila kuhama. Chini kidogo kitambaa kimoja kiko huku, kingine kule. Hapo walikuwa wanakimbia, mtu anageuka, anapiga, anakimbia tena. Nikasema, basi wale wa juu walikuwa mashujaa na hawa wa chini waoga. Akatikisa kichwa. Akanipa maganda mawili nitazame vitako. Kila bunduki, alisema, ikigonga risasi inaacha kovu lake, na makovu haya mawili yametoka kwenye bunduki moja. Aliyesimama juu ndiye huyo huyo aliyekimbia chini.

Hilo nataka ulibebe, Gervasi. Najua vijana mnavyosemeana kwenye mazoezi, nani atakimbia na nani hatakimbia. Utaogopa. Ukiambiwa simama, simama, na ukiambiwa rudi nyuma, rudi kwa miguu yako yote na usiione aibu. Nimepitia kilima kizima nikiwa nimeinama na sikuona mahali palipoandikwa jina la mwoga.

Nikamuuliza Hamza kuhusu wapagazi. Akasema mpagazi hana bunduki, kwa hiyo haachi ganda, na mashine haimsikii. Nadhani aliuona uso wangu, maana aliongeza kwamba kuna njia moja. Sanduku linaoza lakini misumari yake haiozi upesi. Kama tukifika kule chini karibu na kijito tukakuta misumari imekaa pamoja, hapo sanduku lilitupwa, na mahali lilipotupwa sanduku palikuwa na mtu chini yake. Tukiyachora mafungu hayo yote tutaiona njia waliyokimbilia, na labda mahali njia ilipomwishia fulani. Jioni ile nilimwambia bibi yako. Aliniongezea maharage.

Upande wa juu ulikuwa umekamilika. Upande wa chini, wa kijitoni, ulikuwa bado. Ndipo Hamza akashikwa na homa, akalala kwetu siku kadhaa akitetemeka, na huku anahesabu siku zake za ruhusa zinavyokwisha. Wewe unajua mgeni ni nini hapa kwetu. Mgeni mgonjwa, amekuja kwa ajili ya kilima chetu, amelala anasikitika kwamba kazi haitaisha. Ningekaaje? Kwa haraka ya kumsaidia nikasahau kamba na vijiti, nikawakusanya majirani, tukashuka kijitoni na nyungo kama watu wanaookota maharage yaliyobaki baada ya mavuno. Tulipitia kila kichaka. Palipokuwa pamejificha tulikwangua kwa majembe. Maganda tuliyasugua kwa majivu na maji mpaka yakang'aa, misumari tukaipanga kwenye ungo wake, mirefu huku, mifupi huku. Tuliimba tukifanya kazi ile. Nilikuwa na furaha, mwanangu, nakwambia kweli, sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile.

Hamza alipoamka nikampelekea nyungo mbili mpaka kitandani. Akazitazama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mmevitoa wapi?" Nikasema kule chini, kote, hakikubaki hata kimoja, sasa pumzika. Akaegemea ukuta akafumba macho. Hakunikasirikia, na hilo lilinitesa zaidi. Alisema tu, "Ahsante, mzee," akageukia ukutani.

Nilielewa kabla jua halijazama. Na sasa ndipo unapokuja upumbavu wangu wa pili, ambao watu wanaucheka kuliko wa kwanza. Kesho yake nilibeba zile nyungo nikarudi kijitoni nikavimwaga vyote tena chini. Nilivipanda, Gervasi. Nilijaribu kukumbuka, hiki kilikuwa hapa, hiki pale, mwishowe nikawa narusha tu kama mtu anayemwaga mtama. Hamza alikuja akijikongoja na fimbo yake, akanikuta. Akaketi kwenye jiwe akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Mzee Mathayo, umepiganisha vita ambayo haikuwahi kupiganwa." Tukacheka wote wawili. Halafu hakuna aliyecheka tena, tukaokota, na kwenye ramani yake upande wa chini akauacha mweupe.

Bibi yako nilimwambia mwenyewe. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Alisema, "Ulikuwa unamsaidia mgeni. Baba yako naye alichukuliwa akiwasaidia wageni." Akaendelea kumenya. Kiti kile cha mlangoni kikabaki pale pale.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado linaniuma. Sikukosea kwa uvivu wala kwa ubaya. Nilikosea kwa kuharakisha kutengeneza. Na si kilimani tu. Hata wewe nimekufanyia hivyo. Ulipofukuzwa shule kwa ugomvi ule, nilikwenda mbio kwa mwalimu mkuu kuomba radhi kabla sijakuuliza kilichotokea, na nilipokuja kujua kwamba ulikuwa unamtetea mtoto wa mkimbizi, maneno yalikuwa yameshamwagika, hayakurudi mahali pake. Hukuwahi kunilaumu. Ningependa ungenilaumu. Ukiwa mkubwa, ukikuta jambo lililovurugika, likae kwanza kama lilivyo ulitazame. Mimi nimejifunza hivyo nikiwa nimechelewa.

Kisha ikaja operesheni ya kutuhamishia vijijini. Wewe ulikuwa umeanza kupata akili, unakumbuka malori na nyumba zilizoezuliwa. Kila mtu aliiacha migomba yake, lakini bibi yako alikataa kwa sababu yake mwenyewe. Alimwambia yule bwana wa wilaya, "Mume wangu anaijua nyumba hii. Akirudi atamkuta nani?" Bwana yule alidhani bibi amechanganyikiwa, akaniambia nimbebe. Nilimbeba mgongoni, mama yangu mzazi, na kile kiti akakishika mkononi njia nzima. Alikuwa mwepesi sana. Jibu la swali lake nililiokota mwenyewe nikalisugua kwa majivu.

Mwaka ule wakachagua kilima kile kuwa shamba la kijiji. Nilisimama kwenye mkutano nikasema pale wamelala watu wa vita. Bwana shamba akasema hakuna ardhi ya kulala, ardhi ni ya kulima. Tukalima. Nililima na wenzangu mstari wa Hamza wote, nikiinua jembe na kushusha, nikijua ninachokifuta. Nilijiambia basi, imekwisha, hata ule upande wa juu sasa umekwenda.

Mvua zikanyesha vizuri. Mahindi yalipofika magotini nilipanda upande wa pili asubuhi kutafuta kuni, nikageuka kutazama, nikakaa chini. Handaki lote lilikuwa limeonekana. Mstari wa mahindi ya kijani kizito, marefu kuliko wenzake, umejipinda kilimani vilevile Hamza alivyouchora. Alishaniambia kwamba udongo uliowahi kuchimbwa na kufukiwa hauwi tena kama wa jirani yake, unashika maji, na mmea unajua. Nilikuwa nimesahau. Na chini kabisa, mbali na handaki, karibu na kijito, mahali nilipookota nikapasafisha, palikuwa na kipande kimoja peke yake cha mahindi marefu. Urefu wake wa mtu aliyelala.

Nilikwenda kumchukua bibi yako, na nikachukua na jembe. Alitembea mwenyewe, polepole, akinishika bega. Nilipomwonyesha alitazama muda mrefu, akauliza, "Na hilo jembe?"

Nikasema, "Nichimbe, mama, tujue."

"Ukichimba ukamkuta Mjerumani?"

Nikalishusha jembe chini.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "nimetafuta mahali pa kukaa tangu wewe hujazaliwa. Nimepapata. Usinipokonye."

Akaketi kando ya mahindi yale. Nikalirudisha jembe nyumbani. Wiki ile tukapika pombe, ndugu wakaja, hata wale wa Nyakisasa, tukafunga msiba wa mtu aliyeondoka kabla sijazaliwa. Bibi yako alinyoa nywele zake nyeupe. Kiti cha mlangoni akakupa wewe, ukakikalia ukisoma kitabu chako cha shule, na ulishangaa kwa nini nimetoka nje. Alikufa mwaka uliofuata na hakuuliza swali lile tena.

Huenda si yeye aliyelala pale. Nimeishi na hilo pia. Inawezekana ni Mjerumani, au shimo la takataka za jeshi, au mpagazi wa mama mwingine aliyengoja huko Mbuba mpaka akafa bila kufunga msiba wake. Sitachimba. Kila msimu napita nakuta mahindi yameota marefu, nayapalilia, narudi.

Sasa redio inasema adui ameingia mpaka mtoni, na wewe umeandikisha jina lako kabla sijakuambia lolote. Sikukataza na sitakataza leo. Kilima changu kilikuwa cha marehemu wa zamani sana, nilikitembea kwa kamba na vijiti, na jioni nilirudi kula. Wewe unakwenda kwenye kilima ambacho bado hakijawa kilima cha kutafiti. Nitakuomba machache.

Waambie wenzako wawili jina lako lote, na la baba yako, na kwamba kwenu ni Murusagamba, na wewe ushike ya kwao. Babu yako alibeba sanduku kati ya watu wasiomjua jina. Usiokote chuma chochote huko, hata kiking'aa namna gani, hata vita ikiisha. Kingine kitakutoa mkono. Na kingine, mwache mwenye kukitafuta akikute mahali pake. Wenzako watakuja na maganda ya risasi kuwaonyesha baba zao. Mimi usiniletee. Niliyoyashika yananitosha.

Mama yako amekuja kuniuliza kama nimemaliza. Nimemwambia karibu. Amesema, "Mwambie na mimi," halafu hakusema nikuambie nini, amekwenda zake jikoni. Basi nimekuambia.

Kesho usinitafute penye gari. Nitakuwa nimekwisha kukushika mkono nyumbani, na mama yako atakusindikiza. Gari likipita chini ya kilima, jua litakuwa bado liko chini, tazama upande wa shamba la kijiji. Utaona ule mstari wa kijani ulivyojipinda, na chini yake, karibu na kijito, mahindi yale yaliyo peke yake. Nitakuwa nimesimama hapo. Nimechagua hapo ili unione, na ili nikuone mpaka gari lizame kwenye kona.

Rudi, Gervasi. Rudi ukichechemea, rudi ukiwa umekimbia, rudi mikono mitupu. Kumtafuta mtu kwa kutazama mahindi nimejifunza, na kazi hiyo naijua vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Usinipe tena.

Baba yako,
Mathayo